Mwambie Hujui Leza

Mama Ngoie, mwanangu,

Utacheka ukiona nimekuandikia barua na hali tunalala nyumba moja, tena ukuta ulio kati yetu ni mwembamba hata kikohozi changu unakisikia. Lakini leo mchana tulijaribu kusema kwa mdomo, ukaona tulikofika. Wewe ulisukuma sahani ukainuka. Mimi nikabaki na mama yako, naye akanitazama kama mtu aliyemwaga unga wa mwisho. Basi nimeona niandike, maana karatasi haitanikatiza, na wewe utakaposoma utakuwa garini na hutakuwa na mlango wa kutokea.

Nimekaa barazani na jua bado lipo. Umeme hatuna. Wanasema waya zinazotoka Mwadingusha zimekatwa tena na wauza shaba, na mshumaa uliobaki mama yako ameutia ndani ya sanduku lako, kwa hiyo lazima nimalize kabla ya giza. Wewe umekwenda Kikula kuagana na shangazi zako. Wakikushika sana nitapata nafasi ya kuandika vizuri, na wakikuachia mapema utanikuta hapa na kalamu mkononi, nami nitasema naandika ripoti.

Mambo ya blanketi, ya dawa za malaria, ya misa ya Jumapili na ya wanaume wa kule, hayo ni ya mama yako, na amekwisha kuyasema mpaka umeyachoka. Mimi nina jambo moja tu. Kesho asubuhi Dokta Hendrik atapita kukuchukua na gari lake. Unamfahamu: Mbelgiji aliyefanya kazi hapa Likasi kabla mambo hayajaharibika, akaenda zake Afrika Kusini, na sasa amerudi siku chache kutafuta dokta kijana wa kwenda naye. Anataka mtu anayejua leza, ile mashine ya kupasulia kwa mwanga. Anakumbuka kwamba hospitali yetu ilinunuliwa mashine ile wakati shaba ilikuwa bado na bei, kwa hiyo anaamini kila dokta asista, yaani msaidizi wa upasuaji, aliyepita mikononi mwetu ameizoea. Ukifika kule atakupa mashine na atakupa mgonjwa. Hakuna atakayesimama nyuma yako, kwa sababu wataamini umeshafundishwa.

Nawe umeamua kumwambia unaijua. Ninakuomba umwambie hapana. Barua yote hii ni hiyo tu.

Mchana ulinijibu, na jibu lako limenikaa kichwani tangu saa ile. Ulisema, "Papa, kama ninasema hapana, atakamata mwingine. Na minye nilisha kuishika. Siku ya maini."

Ni kweli, uliishika siku ya maini. Nitafika huko. Lakini kwanza nikueleze mimi niliipataje, kwa sababu kipande hicho hukijui, na nimekuacha miaka yote hii ukiamini kwamba baba yako alifundishwa.

Mashine ilipofika nilikuwa bado na nywele nyeusi. Ilikuja ndani ya kreti kubwa, na wauguzi walikuja kuitazama kama bibi harusi. Mtu mmoja tu alikuwa amepelekwa Ubelgiji kujifunza kuitumia, Dokta Kabeya, mkuu wangu wa upasuaji. Alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, msafi mno, na mikono yake ilikuwa haitetemeki hata baada ya usiku wa zamu. Nilimpenda na nilimwogopa. Sisi wasaidizi wake tulisimama upande wa pili wa meza tukishika vyuma vya kupanua kidonda. Yeye alikuwa anapanga nguvu ya mwanga mwenyewe, akiwa ametupa mgongo, kisha anakaa, anakanyaga pedali, na kile kinyama kibaya kinageuka moshi mbele ya macho yetu bila tone la damu. Tukashangaa. Hakuna aliyeuliza neno.

Unajua ilivyo kwetu. Msaidizi haulizi. Ukimwuliza mkuu wako kwa nini anafanya hivi, ni kama umesema huoni, au umesema unataka kiti chake. Nasi tulizoea hivyo tangu shule. Mtu alijifunza upasuaji kwa kutazama, na siku mkuu alipostaafu au alipokufa ndiyo siku ya kwanza ya kushika kisu peke yako. Kwa kisu mambo yalikwenda, maana kisu unakiona na jicho linaweza kukiiba. Mwanga ule hauonekani. Unaona moshi tu. Nilitazama miaka kadhaa na sikujua nilichokuwa natazama.

Halafu ikaja ile miaka ya kufukuzwa watu wa Kasai mkoani kwetu. Wewe ulikuwa Lubumbashi chuoni, ukasikia habari kwa mbali. Mimi niliona. Watu niliofanya nao kazi, niliokula nao, walitolewa nyumbani mwao na vijana wa mtaani wakiwaimbia, wakaenda kulala stesheni na magodoro yao wakingoja treni iliyokuwa haiji. Dokta Kabeya alikuwa kati yao. Mtu aliyepasua nusu ya mji huu alikuwa amekaa juu ya sanduku la chuma karibu na reli, na mke wake anapika chini ya turubai.

Nilikwenda kumwona na nikamchukulia mikate. Nakuambia ukweli, Mama: sikwenda kwa ajili ya mikate. Siku ile asubuhi mkurugenzi alikuwa ameuliza nani atachukua leza, na mimi nilikuwa nimeinua mkono. Nilikwenda stesheni nimebeba maswali. Nilitaka kumwuliza nguvu anapanga kiasi gani, kwa nini vitambaa vinaloweshwa, kwa nini hatumii dawa fulani ya kusafishia ngozi akiwa na mashine ile. Nikakaa naye. Mtoto wake mdogo alikuwa anaharisha. Nikaona aibu kuuliza mambo ya mashine mbele ya mtoto anayeharisha, na hiyo aibu ilikuwa nzuri, mtu yeyote angekuwa nayo. Lakini chini yake kulikuwa na aibu nyingine isiyo nzuri. Sikutaka ajue kwamba sijui.

Naye akaanza mwenyewe. Akaniambia, "Ile mashini utabakia nayo weye. Uko naijua?"

Nikamjibu, nikimwita mkuu kama tulivyozoea, "Niko naijua, Chef. Nilikuwa naangalia."

Alinitazama. Nadhani alijua. Nadhani angenifundisha pale pale juu ya lile sanduku, angechora kwenye vumbi kwa kijiti kama ningesema neno moja tu. Lakini mkewe alimwita kwa ajili ya mtoto, akainuka, nami nikaaga. Treni iliwachukua baadaye. Nilisikia mtoto yule hakufika. Nikienda kulala jambo hilo hunijia, kwamba nilikwenda mahali pale pa kilio, mfuko umejaa maswali, nikarudi nayo yote.

Basi nikaanza kuitumia. Na kwa muda ilikwenda, ndilo jambo baya kuliko yote. Ingenishinda siku ya kwanza ningeiacha. Nilikumbuka namna alivyokaa, namna alivyoweka mguu, namna alivyomwambia muuguzi, "Bitambaa bikuwe na mayi," yaani vilowe maji. Nami nikasema hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo. Wagonjwa wakapona. Watu wakaanza kuniita Dokta Leza sokoni, na nilipenda. Ulipomaliza chuo ukaletwa hospitalini kwetu uwe asista chini yangu, nilikuweka pale pale nilipokuwa nimewekwa: upande wa pili wa meza, na chuma mkononi. Nilikuwa napanga nguvu nikiwa nimekupa mgongo. Nilijiambia nafanya hivyo usipendelewe kwa kuwa wewe ni mwanangu. Hiyo ilikuwa hadithi ya kujilaza. Nilikupa mgongo ili usione kwamba nabahatisha.

Sasa nafika kwa Mama Feza, ambaye tangu siku ile hatujamtaja hapa nyumbani.

Unamkumbuka alivyoingia, mwenye kelele na mzaha, muuza samaki wakavu wa Lufira, akiwaambia wauguzi kwamba wakimponya vizuri atawauzia bila kuwapunja. Alikuwa na kidonda kwenye mlango wa uzazi, kidogo, cha mapema, kazi ambayo leza inafanya vizuri kabisa. Alichomwa sindano ya mgongo, hakusikia kitu kuanzia kiunoni. Mabomba yalikuwa makavu tangu wiki iliyotangulia kwa kuwa pampu za mji zilikuwa zimesimama. Yale maji machache ambayo wewe na wauguzi mlibeba kwa bidoni, lile dumu la plastiki, kutoka mtoni na kuyachemsha yaliishia kwenye kunawa mikono. Nami nikasema kwa sauti ya Kabeya, lowesha vitambaa.

Ukatazama bidoni, haina kitu. Ukatazama rafu, pana chupa ya spiriti. Kitambaa kilitakiwa kiwe na unyevu, mkuu ameagiza, mkuu haulizwi. Ukakilowesha.

Mimi nilikuwa na jicho kwenye darubini na mguu kwenye pedali. Moto wa spiriti chini ya taa kali hauonekani, unajua sasa. Harufu ya nyama kuungua haikunishtua, maana leza siku zote ina harufu hiyo. Mama Feza mwenyewe hakusikia maumivu, alikuwa anamhadithia muuguzi habari za mkwe wake. Watu wanne ndani ya chumba, na mtu anaungua akisimulia. Ni wewe uliyeona kitambaa kinakunjamana. Hukuwahi kuniita baba kazini hata siku moja, ulikuwa unaniita Chef kama wengine. Siku ile ulisema, "Papa, tosha muguu. Moto." Nami sikutoa. Mguu wangu ulikuwa haujaelewa. Ukanisukuma kwa bega mpaka nikaanguka kutoka kwenye kiti, ukamfunika yule mama kwa blanketi kavu na kwa kifua chako, na viganja vyako vikaungua. Uliokoa maisha yake. Hakuna aliyekuambia neno hilo, basi nakuambia mimi, nimechelewa sana.

Yaliyofuata pale koridoni unayajua, lakini unayajua vibaya. Mkurugenzi alikuja mbio. Ndugu za Mama Feza walikuwa wamesimama ukutani. Akauliza nani amefanya nini. Nikajibu, "Ni asista alilowesha bitambaa na spiriti." Sikusema jina lako. Sikusema ni mwanangu. Nilisema asista, kama vile nazungumzia ndoo. Nawe ulikuwa nyuma yangu, viganja vimefungwa bandeji, ukainamisha kichwa ukasema, "Ni kweli, Chef." Ukaondolewa kwenye upasuaji miezi ile yote, ukapelekwa kupima watoto uzito, nami nikakuacha uende.

Tangu siku ile unaamini kwamba baba yako alijua kwa nini ni lazima yawe maji, kwamba alikuwa amekuambia wakati fulani, nawe ukasahau. Nimekuona ukijitafuta kichwani. Nimekusikia ukimwambia mama yako, "Nilisahau kitu kidogo, angalia." Moyo wangu umekuwa unauma kila nikikusikia, na mdomo wangu ukakaa kimya. Hukusahau, Mama. Sikukuambia. Na sikukuambia kwa kuwa sikujua. Nilidhani Kabeya analowesha vitambaa ili kuipoza ngozi. Siku ile ndipo nilipojua kwamba ni kwa ajili ya moto, kwamba mwanga ukikosea njia ukute maji yaumalize. Jambo ambalo mtu angelieleza kwa maneno kumi, likapita kutoka kwake mpaka kwangu mpaka kwako bila kusemwa, na lilipofika kwako likawa limekwisha kuwa moto.

Ganzi ilipomwisha Mama Feza na kuona mapaja yake, hakupiga kelele. Aliniuliza tu kwa upole, "Dokta, ule moto ulitokea wapi?" Nikamwambia ni courant, ni umeme. Akakubali, maana miaka hii courant inaunguza redio, friji, hata watoto, na hakuna anayeishtaki. Mpaka leo nikipita sokoni ananiita na kunichagulia samaki wazuri. Nawala. Ndivyo baba yako alivyo.

Sasa siku ya maini. Nataka uikumbuke vizuri, kwa sababu ndiyo siku pekee nilipokuwa mwalimu wako.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Nilikuwa nimekaa na aibu yangu wiki nyingi, nikashindwa, nikasema angalau nifanye kimoja. Nikanunua maini ya ng'ombe kwa yule mchinjaji wa Shituru, yaliyokuwa ya bei ya kuchekesha kwa mtu asiyelipwa mshahara. Nikakuita. Tulikwenda wawili tu kwenye chumba cha upasuaji, tukafunga mlango kama wezi. Nikaweka maini kwenye trei, nikakuvisha miwani, nikakukalisha kwenye kiti changu. Ulikataa kwanza, ulisema kiti cha Chef. Nikakukalisha kwa nguvu.

Ukakanyaga pedali, ukachimba shimo mpaka chini ya trei. Ukashtuka. Nikacheka, na wewe ukacheka, mara ya kwanza tangu moto. Nikakuambia punguza. Ukapunguza, ikawa haikati, inakausha tu. Ukaanza kuuliza. Kwa nini ukisogeza mbali inakausha na ukisogeza karibu inakata? Kwa nini ukikaa mahali pamoja weusi unaenea pembeni? Mengi sikuwa na jibu. Basi tukatafuta pamoja, kwa kuchoma na kupasua na kutazama ndani ya jeraha, baba na mtoto, tukichafua maini. Nilijifunza zaidi mchana ule kuliko miaka yote niliyosimama mgongoni mwa Kabeya. Nikaelewa kwamba kila asista aliyepita kwetu alistahili Jumapili kama ile kabla ya kumkaribia mtu, tena Jumapili nyingi, na mtu wa kumjibu, na ruhusa ya kuharibu. Trei ya maini na mwalimu asiyeona haya ya kusema sijui. Hakuna zaidi ya hapo kilichokosekana, na tungeweza kukipata hata katika umaskini huu.

Halafu umeme ukakatika. Tukasubiri. Umeme ulipokosa kurudi, tukachukua maini yetu yenye matundu, mama yako akayakaanga na vitunguu na tukala wote, hata wewe uliyekuwa unasema yana harufu ya kazi. Jumatatu mashine haikuwaka. Pampu yake ya kupozea ilikuwa imekufa, na mpaka leo imefunikwa shuka pale pembeni. Ndiyo yote uliyopata, Ngoie. Mchana mmoja na ini la ng'ombe. Ini lile halikuwa na mtu nyuma yake. Halipumui, halitoki damu, halina mkwe wa kumsimulia.

Kwa hiyo unaposema umeishika, hudanganyi kabisa, na ndiyo maana naogopa. Nami sikudanganya kabisa pale stesheni. Nilikuwa naangalia, kweli.

Sisemi haya kwa kuwa nataka ubaki. Usidhani hivyo. Nataka uondoke kuliko ninavyotaka kula. Hapa hakuna kitu. Wagonjwa wanakuja na bandeji zao na uzi wao wa kushonea, wenzako wanaacha koti jeupe wanakwenda Kakanda kuchimba kobalti kwa sururu, na mimi nikiamka asubuhi sijui nakwenda kazini kufanya nini. Nikikutazama unafua glavu za kutupa na kuzianika, nataka kulia. Nakutakia hospitali yenye maji. Nakutakia mkuu wa kumwuliza. Kama wangekuchukua kwa kukuwekea mkataba wa kufagia tu, ningesema nenda, ufagie, halafu uinue kichwa utazame.

Lakini kule hawatakupa ufagio, watakupa pedali. Na ukimchoma mtu kule, mgeni, mweusi kutoka nchi iliyoharibika, hakuna baba koridoni hata wa kukusingizia. Na kama hutamchoma mtu, itakuwa vibaya vile vile. Utakuwa umefika salama kwa bahati, utaanza kuwapa watu mgongo, na siku moja utamwambia asista wako alowesha vitambaa, kwa sauti yangu.

Sasa nimefika kwenye kile nilichokalia barua hii yote. Jua limeshuka nyuma ya nyumba ya jirani na mwandiko wangu unaharibika, lakini lazima niandike.

Uliposukuma sahani ukaondoka, mimi pia niliondoka. Nilikwenda kwa mapadre, anapolala Dokta Hendrik. Nilikwenda kumwambia ukweli kwa niaba yako. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima: mwanangu ni hodari, ana mikono mizuri na jicho la haraka, lakini leza haijui, tafadhali mwanzishe chini. Nilijiona mtu mwema, nakwambia. Nilikuwa natembea kifua mbele.

Langoni nilikuta vijana wawili, madokta, mmoja nilimfundisha mwenyewe. Walikuwa wamevaa mashati ya misa, diploma zao zimefungwa kwenye plastiki, wanangoja tu kama kutatokea nafasi. Walikuwa hapo tangu asubuhi. Walinisalimu kwa heshima na hawakuniuliza kitu. Nikapita katikati yao.

Hendrik alikuwa anafunga mizigo juu ya gari. Alifurahi kuniona, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Kisha akaniuliza kwa kile Kiswahili chao cha zamani, "Mutoto yako, leza iko najua?"

Nikageuka, nikawaona wale vijana langoni na plastiki zao.

Nikasema, "Iko najua muzuri sana. Nilimufundisha minye mwenyewe."

Basi. Ndivyo nilivyosema. Mtu aliyekufanya usukume sahani mchana kwa ajili ya neno hilo ndiye aliyelisema, wala hapakuwa na njaa kubwa kuliko ya jana, wala hakuna aliyenishikia panga. Niliona kiti chako ndani ya gari lile, nikaona mwingine amekikalia, na mdomo ukafunguka wenyewe. Nilitoka nikafika mpaka njia panda, nikarudi mpaka langoni, nikasimama. Wale vijana wakanitazama. Sikuingia. Nimejaribu mara mbili tena kuinuka kwenye kiti hiki nilipo, nikakaa tena. Mimi ni mzee wa miaka hamsini na sita na sijui kusema sijui. Nimechelewa kujifunza, na sasa nimekuuza tena.

Kwa hiyo limebaki kwako peke yako, na naona uchungu kukutwisha. Lazima umwambie njiani. Subiri mpite Lubumbashi kama unahitaji muda, lakini umwambie kabla ya Kasumbalesa, kabla hamjavuka mpaka, wakati bado anaweza kusimamisha gari. Pengine atakasirika akushushe. Ukishushwa, nenda kwa mjomba wako kule Lubumbashi, mtaa wa Kenya, halafu urudi nyumbani kwa lori lolote. Hapa hakuna atakayekucheka, na mlango nitaufungua mwenyewe. Pengine ataendesha kilomita kadhaa kisha aseme sawa, utaanza na maini. Sijui. Ningekuwa najua ningekuambia.

Naye atakuuliza mbona baba yako alimwambia vingine. Hapo ndipo nakujua: utainamisha kichwa, utasema umekosea wewe, umesahau wewe, hamkuelewana. Usifanye hivyo. Mwambie papa alimdanganya. Mtaje, Dokta Mwamba wa Likasi, aliyekwenda kwake jana mchana wakashikana mikono. Sema hujafundishwa kwa kuwa yeye hakujua, na inua uso ukisema.

Nakusikia unaingia uani na unacheka na mama yako. Naikunja, nikupe kesho ukishapanda gari.

Baba yako,
Mwamba